Eneo la Wazi Lichorwe Kwanza

Hotuba hii niliitoa kwenye mkutano wa wadau wa mipango miji. Naiweka hapa yote kwa ajili ya walioshindwa kufika. Picha za ukutani nimeziacha, hamjakosa kitu.

Mheshimiwa Mwenyekiti, waheshimiwa madiwani, wataalamu wenzangu, wanafunzi, na nyinyi wakazi mliokuja kusikia kwa masikio yenu: habari za asubuhi.

Nianze na swali. Bustani ya umma hufa lini? Wengi mtasema siku ile mtu anapokuja na mabati kuizungushia. Mimi nasema siku hiyo ni ya mazishi tu. Kifo kilitokea zamani, mezani kwetu, siku mchoraji alipomaliza kugawa viwanja vya makazi, vya biashara, barabara na kituo cha mabasi, akaona kimebaki kipande chenye pembe tatu, chini ya nyaya za umeme mkubwa, akakipaka rangi ya kijani na kuandika "eneo la wazi". Kazi imekwisha, tukale.

Kipande hicho hakina njia ya kukifikia. Hakina jirani anayekihitaji. Hakina hati. Halafu baada ya miaka kumi tunashangaa kimevamiwa! Ndugu zangu, kisingevamiwa vipi?

Nimekuja kusema neno moja, na mtanisikia nikilirudia hadi mnichoke: eneo la wazi lichorwe kwanza. Kabla ya barabara. Kabla ya viwanja. Kabla ya maduka.

Mnadhani haiwezekani? Twendeni Savannah, katika jimbo la Georgia, Marekani. Mwaka 1733 James Oglethorpe, mwasisi wa koloni lile, alipoupanga mji ule, alianza na vitalu vichache, kila kimoja na uwanja wa wazi katikati, nyumba na majengo ya umma yakiuzunguka. Mji ulipotaka kukua, uliongeza kitalu kingine cha namna ile ile, na uwanja wake katikati. Wakaendelea hivyo kwa zaidi ya miaka mia moja, hadi viwanja vikafika 24. Hakuna aliyelazimika kuja kwenye kikao kama hiki kuomba nafasi ya watoto, kwa sababu mji haukuwa na namna ya kuongezeka bila kuongeza nafasi hiyo.

Sasa sikilizeni upande wa pili. Uwanja mmojawapo, Ellis Square, ulikuwa na soko. Mwaka 1954 soko lilivunjwa ili pajengwe jengo la maegesho ya magari. Wakati ule ilionekana busara. Magari yalikuwa mengi na nafasi ilikuwa pale pale. Wakazi waliokasirishwa na ubomoaji ule walianza harakati za kuulinda mji wao wa kale, lakini uwanja wenyewe ulikuwa umekwenda. Magari yalikuja kupelekwa chini ya ardhi baadaye, na uwanja ukafunguliwa tena mwaka 2010. Miaka 56, waheshimiwa. Kikao kimoja kilichukua, na kurudisha kukachukua miaka 56. Na hao ni wenye bahati, kwani viwanja vingine viwili havijarudi hadi leo.

Mwenye macho hununua mapema. Mwaka 1883 Horace Cleveland, mbunifu wa bustani, aliishauri bodi changa ya bustani ya mji wa Minneapolis, Marekani, ichukue ardhi ya kando ya maziwa na ya kingo za mto Mississippi kabla mji haujaifikia na bei haijapanda. Walimsikiliza. Leo anayetaka kuzunguka maziwa yale anatembea kwenye njia ya umma, hapiti nyuma ya kuta za watu.

Hata hivyo kuchora peke yake hakutoshi. Rangi ya kijani kwenye karatasi haijawahi kumzuia mtu. Mnaikumbuka Bustani ya Uhuru ya Nairobi? Mwaka 1989 chama tawala kilitaka kusimamisha pale jengo la ghorofa 60. Si pembezoni, ndani ya bustani! Profesa Wangari Maathai akaanza kuandika barua: kwa wakubwa serikalini, kwa mashirika, kwa mabalozi. Akawauliza Waingereza kama wangekubali mnara wa namna hiyo ndani ya Hyde Park, bustani yao kubwa ya London. Alitukanwa bungeni, na shirika lake likafukuzwa kwenye ofisi lililokuwa linatumia. Lakini fedha za nje zikakauka, na jengo halikujengwa.

Tunapenda kuisimulia habari hii, na ni haki tuisimulie. Ila niwaulize: tunaweza kupanga mji kwa kutegemea kwamba kila bustani itajaliwa Wangari Maathai wake? Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Eneo la wazi lipimwe, liwekewe mawe ya mipaka yanayoonekana, lisajiliwe kwa jina la umma, na kubadilisha matumizi yake kuwe kugumu kuliko kubadilisha matumizi ya kiwanja kingine chochote. Katika miji mingi ninayoijua mimi ni kinyume. Kiwanja cha mtu binafsi kina mwenyewe wa kulalamika, cha umma kinabadilishwa kwa mhuri.

Sasa, tuchore wapi? Hapa wahandisi wa maji watanipenda: fuateni maji.

Mnapoona bonde la mto mdogo unaokatiza mji, wengi wetu tunaona tatizo. Tunaujengea mtaro wa zege, tunaunyoosha, tunaufunika ikiwezekana, na mvua kubwa ikija maji yanakimbia kwa kasi hadi kwa jirani wa chini, yakamfurikishe yeye. Huko Boston, Marekani, miaka ya 1870, mbunifu wa bustani Frederick Law Olmsted alikabidhiwa kinamasi kilichokuwa kinanuka. Maji ya bahari yalipanda na kushuka na maji machafu ya mji. Alichofanya ni kuunda upya njia ya maji, kingo na mimea ili mafuriko yapate pa kukaa, na akapitisha njia za watu na magari ya farasi kando yake. Leo watu wanakwenda kupumzika pale, lakini Olmsted mwenyewe aliitetea kazi ile kwanza kama mradi wa usafi wa mji. Kisha akaiunganisha sehemu hiyo na nyingine, moja baada ya moja, hadi ukapatikana ushoroba wa kijani wa kilomita kama 11 kutoka katikati ya mji mpaka Franklin Park. Hiyo ndiyo nguvu ya bonde: tayari ni refu, na tayari linapita kwenye mitaa mingi. Huhitaji kumbomolea mtu nyumba ili upate njia ndefu, ukiwahi kabla nyumba hazijashuka bondeni.

Curitiba, Brazil, walifuata mantiki hiyo hiyo. Kwenye nyanda zilizokuwa zinafurika waliweka bustani zenye maziwa, kama ile ya Barigui ya mwaka 1972. Mvua ikizidi, ziwa linajaa na nyasi zinalowa. Nani amepoteza nyumba? Hakuna. Na nyasi zile kwa muda mrefu zilipunguzwa na kondoo. Afisa ugavi wa kwetu sijui angewaingiza kwenye fungu gani.

Na wale walioshachelewa, wenye mtaro wa zege tayari? Habari njema ipo Singapore. Katika bustani ya Bishan-Ang Mo Kio ulipita mtaro wa zege ulionyooka, wenye urefu wa kilomita 2.7, uliokuwa Mto Kallang. Upande mmoja bustani, upande wa pili maghorofa ya watu, na katikati shimo lenye kuta ambalo mtoto haruhusiwi kulisogelea. Wakabomoa zege. Mto wakauachia upinde kulia na kushoto ndani ya bustani, ukawa na urefu wa kilomita 3.2, na kingo zake zikashikiliwa kwa mawe na mizizi ya mimea. Zege lililobomolewa hawakulitupa mbali. Sehemu yake ilijengea kilima humo humo bustanini. Kazi ilizinduliwa mwaka 2012. Siku ya kawaida mto ni mwembamba na watu wanatembea hadi majini. Mvua ikipiga, maji yanapanda na kuchukua uwanja mpana wa nyasi. Ndiyo maana kuna vipimo vya kina cha maji, taa na ving'ora vya kuwatoa watu. Fisi maji nao wakahamia, wakazaana, wakawa maarufu kuliko diwani yeyote.

Naona mhandisi mmoja anatabasamu. Ndiyo, najua, nafasi ile ilihitajika. Mto haupanuki kama nyumba zimejengwa kwenye ukingo. Bishan iliwezekana kwa sababu pembeni ya mtaro ule palikuwa na bustani ya hekta zaidi ya 60 ambayo hakuna aliyekuwa ameigawa. Tunarudi pale pale: ilichorwa kwanza.

Haya, tumepata ardhi. Tumefuata maji. Sasa nakuja kwenye jambo ambalo ningeweza kulizungumza hadi jioni: nani anaingia?

Shirika la Afya Duniani, ofisi ya Ulaya, limependekeza kwamba kila mkazi wa mji awe na eneo la kijani la angalau nusu hekta hadi hekta moja ndani ya mita 300 kutoka nyumbani, yaani mwendo wa dakika kama tano. Kipimo kizuri. Lakini mita 300 za nani? Za kunguru au za bibi mwenye fimbo? Kwenye ramani unachora duara, kila nyumba iliyo ndani ya duara unaihesabu imehudumiwa. Shuka sasa ukatembee. Kati ya nyumba na bustani kuna barabara ya njia sita, na kivuko kiko mbali upande wa kushoto. Ukivuka, unakutana na uzio, na geti liko upande wa pili kabisa. Mita zako 200 za ramani zimekuwa karibu kilomita. Yule bibi hatakwenda. Mama mwenye mtoto mgongoni atakwenda mara moja, hatarudi. Na sisi kwenye taarifa tumeandika "amehudumiwa"!

Olmsted na mwenzake, msanifu Calvert Vaux, walipokuwa wanashindania mchoro wa Central Park ya New York mwaka 1858, walitakiwa kupitisha barabara nne za kukatiza bustani. Wengine wangeziweka juu ya ardhi, wao wakazizamisha. Magari yanapita chini, watu wanapita juu, wengi hawatambui hata kama kuna barabara. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kuchora barabara kwanza na kuchora bustani kwanza.

Lakini kufika getini si kuingia. Nataka mnisikilize vizuri hapa.

Katikati ya miaka ya 1990, huko Vienna, Austria, watafiti walifanya jambo lisilohitaji mashine yoyote: waliwaangalia na kuwahesabu watoto kwenye bustani. Wale wadogo, wavulana kwa wasichana, walikuwa wanacheza pamoja. Ila wasichana wakishafikisha kama miaka tisa au kumi, hupotea. Wavulana wanaendelea kuja, wasichana hawapo. Walikwenda wapi?

Jibu jepesi tunalo sote mdomoni: wasichana hawapendi michezo, wana kazi za nyumbani, ndivyo walivyo. Eva Kail, aliyeongoza ofisi ya masuala ya wanawake katika mipango ya mji ule, na wenzake hawakuridhika na jibu hilo. Waliutazama uwanja wenyewe. Wakaona nini? Uwanja mmoja mkubwa wa mpira, umezungushiwa waya pande zote, wenye kilango kimoja. Kundi la wavulana likishaingia, mlango ni wao. Msichana wa miaka kumi akitaka kuingia inabidi apite katikati yao, wakimtazama. Je, wewe ungemruhusu binti yako? Je, yeye mwenyewe angetaka? Hakuna sheria iliyomkataza, hakuna kibao. Kilango tu.

Mwaka 1999 wakabadilisha bustani mbili katika mtaa wa Margareten. Walipanua na kuongeza milango ya viwanja. Walitengeneza njia za miguu ili mtu apite bila kulazimika kukatiza mchezo wa wengine. Wakaweka viwanja vya mpira wa wavu na wa vinyoya. Eneo moja kubwa wakaligawa kwa miti na vichaka kuwa sehemu kadhaa ndogo, ili makundi tofauti yaweze kukaa kwa wakati mmoja. Wasichana wakarudi, na wavulana hawakufukuzwa. Bustani zile zile, ukubwa ule ule.

Kwa hiyo wanafunzi, kabla hamjawasha kompyuta, nendeni mkahesabu. Asubuhi, saa kumi jioni, na taa zikishawashwa. Anayeonekana mmeshamwona, ulizeni nani hayupo. Wazee hawapo? Angalieni kama kuna kiti chenye mgongo, na kama choo kipo na kinafunguliwa. Wanawake hawapo jioni? Simameni nje mtazame kama ndani panaonekana.

Hilo la kuonekana si dogo. Bryant Park iliyo katikati ya New York iliwahi kuwa mahali pa kuuzia dawa za kulevya, na sababu mojawapo ilikuwa ujenzi wake: imeinuliwa juu ya barabara, imezibwa na vichaka, milango michache na myembamba. Mtafiti William Whyte, aliyekuwa amewapiga filamu watu wa mji ule kwa miaka akitazama wanakaa wapi na kwa nini, alishauri pafunguliwe. Walifunga bustani mwaka 1988, wakang'oa vichaka, wakapanua milango, na walipofungua tena mwaka 1992 wakajaza viti ambavyo havijafungiwa popote. Whyte alikuwa amegundua kituko kimoja: mtu akikuta kiti cha kusogezeka, hukisogeza kidogo kabla ya kukaa, hata kama hakuna kivuli cha kufuata wala jua la kukimbia. Anataka tu kiwe mahali alipopachagua yeye. Kila mtu aliwatisha kwamba viti vitaibwa. Viti vikakaa.

Na kama ardhi haipo kabisa? Amsterdam, Uholanzi, baada ya Vita vya Pili vya Dunia, msanifu majengo Aldo van Eyck alianza mwaka 1947 kutengeneza viwanja vya watoto kwenye nafasi ndogo ndogo: kona ya mtaa, kiwanja ambacho nyumba yake ilibomoka. Shimo la mchanga lenye ukingo wa zege, vyuma vya kuning'inia, mti, benchi. Wakazi wakiona mtaa wa jirani umepata, wanaandika barua nao wapate. Alifikisha zaidi ya 700. Bogotá, Kolombia, nako, tangu 1974, barabara kuu hufungiwa magari Jumapili na sikukuu kuanzia asubuhi hadi mchana, sasa ni zaidi ya kilomita 120, na mji unatoka kutembea na kuendesha baiskeli. Lami ile ile. Msiniambie hakuna nafasi, niambieni hakuna uamuzi.

Sasa niseme lisilopendeza, maana nisiposema mimi, mkazi mmoja hapa atalisema wakati wa maswali, na atakuwa na haki.

Bustani huwafukuza watu. Central Park niliyoisifu dakika chache zilizopita ilijengwa juu ya makazi ya watu. Kulikuwa na kijiji cha Seneca, sehemu kubwa ya wakazi wake wakiwa Wamarekani weusi, wengine wakimiliki ardhi yao, wana makanisa na shule. Mwaka 1857 kilikuwa kimekwisha kuondolewa. Tena kuna kufukuza kusikohitaji polisi. High Line, reli ya juu iliyogeuzwa bustani New York na kufunguliwa mwaka 2009, ilipendwa mno, na majengo ya kifahari yakaota pembeni yake. Nyumba za serikali za wenye kipato kidogo ziko hapo hapo jirani, na hata mmoja wa waasisi wa mradi alikuja kukiri hadharani kwamba watu wale hawakuhudumiwa ipasavyo.

Je, tuache kujenga bustani ili kodi ya nyumba isipande? Hapana! Hilo ni kumwambia maskini kwamba kivuli si chake. Nisemacho ni kwamba mchoro wa ushoroba wa kijani na mpango wa kuwalinda wapangaji vije mezani siku moja, kwenye faili moja. Bustani moja kubwa ya maonyesho mahali pamoja huvuta bei. Bustani nyingi za kawaida zilizosambaa kila kata hazina mvuto huo kwa mwekezaji, na ndiyo maana nazipenda.

Mwisho, matunzo. Hapa nitakuwa mfupi kwa sababu halina ubishi, lina uvivu. Sote tumeona zile picha za kompyuta za siku ya uzinduzi. Kila mara kuna mtoto na puto. Mimi nauliza: yuko wapi mwenye ufagio? Central Park hiyo hiyo miaka ya 1970 ilikuwa imechakaa, nyasi zimegeuka vumbi, madawati yamevunjika. Mwaka 1980 ikaundwa taasisi ya kuihudumia kwa kushirikiana na mji, na baadaye bustani nzima ikagawanywa katika kanda 49, kila kanda na mtunza bustani wake. Ukikuta takataka kwenye kanda, unajua wa kumuuliza ni nani. Kabla ya hapo vikosi vilikuwa vinapita, kimoja kinafyeka, kingine kinazoa, na hakuna aliyewajibika kwa kipande chochote.

Waheshimiwa madiwani, nina ombi kwenu. Nikileta kwenu mchoro wa bustani, mimi au mtaalamu mwingine yeyote, msiniulize chemchemi ina rangi ngapi. Niulizeni namba ya hati. Niulizeni maji ya mvua yanakwenda wapi. Niulizeni nani atafagia mwaka wa tano na analipwa kutoka fungu lipi. Nikibabaika, nirudisheni nikajipange.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nipo kwa maswali, na nimemwona yule mama wa mstari wa tatu ameinua mkono tangu nilipotaja kodi. Naomba aanze yeye.